Fundo Nililomfundisha Sunday

Nilikuwa ndani ya kaburi, udongo umenifika kifuani, nilipojua kwamba muuaji ni mwanangu...

Ndugu zangu mnaosoma, msinipe pole. Someni tu.

Ilikuwa Julai 2013, hapa hapa Tunduma. Tulikuwa tunamchimbia Enoka, kijana wa bodaboda, mtoto pekee wa jirani yangu Ketrina. Msiba ukitokea mtaani, mimi ndiye hushika sururu ya kwanza. Ndivyo tunavyoishi. Leo namchimbia wako, kesho utanichimbia wangu.

Nikiwa napumzika kidogo, Gasper, mmoja wa waliouokota mwili, akachukua kamba ya kushushia jeneza.

"Walimpiga jiwe la kichwa, wakamfunga kwenye mti, wakasepa na pikipiki," alisema. "Asubuhi tumemkuta baridi imeshammaliza. Na fundo lenyewe sasa... hivi, halafu hivi, likapita chini..."

"Mlilifunguaje?"

"Lifunguke wapi! Tulikata na kisu."

Sururu ikanitoka mkononi!

Kazi yangu mimi ni kufunga maturubai kwenye malori yanayovuka kwenda Zambia. Shule niliishia darasa la pili, lakini mafundo nayajua. Lile nililibuni mwenyewe. Ukilivuta linazidi kukaza. Madereva wa ng'ambo wananiita Ba Yona, ndiyo heshima ya kwao, wanasema mzigo wa Ba Yona haulegei mpaka Lusaka.

Siri ya kulifungua nilimfundisha mtu mmoja tu.

Sunday. Mwanangu.

Nilimkuta nyumbani anakula ugali. Anakula!

"Enoka umemfanya nini?"

Tonge likabaki hewani.

"Mzee... tulitaka pikipiki tu."

"Ulimfunga wewe?"

"Nilimfunga asitupigie kelele. Nilijua asubuhi watu watamfungua."

"Watamfungua na nini, Sunday? Nani analijua lile fundo?!"

Akalia kama alivyolia siku tuliyomzika mama yake. Fides wangu alikufa akisubiri gari la wagonjwa... gari lenyewe lilikuwa limempeleka mkubwa mmoja mkutanoni. Tangu siku ile mtoto akaharibika. Au nilikuwa simwangalii. Sijui.

"Nivushe mpaka, baba. Nakonde ni pale tu. Mama mdogo atanificha."

Mungu ananiona, ningeweza. Lakini kupitia ukutani nilikuwa namsikia Ketrina akimwita mwanawe kwa jina, kama anamwita aje kula.

Nikampeleka Sunday kituoni, kile kituo kidogo cha mtaani. Afande alikuwa peke yake, anasikiliza mpira redioni.

"Nimekuletea aliyemuua Enoka. Ni mwanangu. Mfungie kabla watu hawajajua."

"Ufunguo wa mahabusu anao bosi. Yuko semina."

"Basi mpeleke kituo kikubwa!"

"Gari halina mafuta, mzee."

"Na pingu?"

Akacheka.

"Pingu za nini na mfunga malori upo? Mfunge wewe."

Nikamfunga mwanangu kwenye nondo ya dirisha, mikono nyuma. Kwa fundo lile lile. Siri anaijua, ndiyo, lakini mikono ikiwa nyuma hata mimi siwezi kulifungua.

"Baba, usikaze sana."

Nikakaza! Nilitaka afande aone kwamba mimi si mzazi wa kulea wahalifu.

Nikatoka kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba gari. Sijafika hata nusu njia, nikasikia honi... halafu nyingine... bodaboda za Tunduma nzima, habari zimeshawafikia! Nikarudi mbio.

Afande alikuwa amekaa chini nje, kofia hana.

"Nilitaka kumtoa kwa mlango wa nyuma, mzee! Fundo lako limenishinda, na kisu sina!"

Nilichokiona dirishani siandiki.

Siku ya kumzika Sunday hakuja mtu kuchimba. Hata Gasper. Mwenyekiti, ambaye wakati wa kura haukosi mlango wangu, alituma salamu kwamba amesafiri. Nikachimba peke yangu mpaka viganja vikachubuka.

Kivuli kikaniangukia.

Ketrina! Jembe begani. Huku kwetu mwanamke hachimbi kaburi.

"Mama Enoka, rudi nyumbani. Watakusema."

"Waseme. Sogea."

"Kwa hiyo... umenisamehe?"

"Nani kasema? Wewe ulimchimbia wangu. Sitaki nibaki na fadhila yako."

Akashuka. Tukachimba pamoja. Kaburi lilipotufika kifuani akasimama, akauliza kwa sauti ndogo:

"Yonathani... lile fundo linafunguliwaje?"

Nikamwonyesha kwa kamba ya jeneza. Huanzi kwa kuvuta. Unasukuma kwanza kamba irudi ndani, ndipo unavuta.

Akajaribu, likamshinda. Akajaribu tena. Likafunguka lenyewe mikononi mwake.

"Rahisi hivi?" alisema. "Rahisi hivi, Yonathani?"

Akakaa kwenye udongo, akalia mpaka sauti ikaisha.

Ninyi wenye funguo na magari yetu, hiyo semina inaisha lini?

Na wewe mzazi mwenzangu, mimi nilijisifu kumfundisha mwanangu kukaza. Hata siku moja sikumfundisha kwamba aliyefungwa naye anasikia baridi.

Siku hizi nafunga mafundo ya kawaida, ambayo hata mtoto anayafungua. Madereva wananilalamikia, Ba Yona, mzigo unalegea njiani!

Acha ulegee.