Mabugo ya Kampuni ya Ndege

Asubuhi hiyo Mayimuna alikuwa chumbani mwake mjini Bwera, Uganda, akichambua maharage nyuma ya pazia. Alikuwa katika eda. Mumewe Hamim, muuza nguo, alikufa ndege ilipoanguka akirudi kutoka Dubai. Watoto walilitegemea duka lake.

Sebuleni aliketi wakala wa kampuni ya ndege, akiwa na bahasha ya fedha na karatasi ya kutiwa sahihi. Alimweleza Muniru, kaka wa marehemu, kwamba kampuni imeguswa na msiba, na kwamba kesho bahasha hiyo huenda isiwepo. Huruma yake ilikuwa na haraka.

Muniru alishika kalamu. Kwao mchango wa msibani, yaani mabugo, hupokelewa bila maswali.

"Shemeji," Mayimuna aliita, "hiyo karatasi inasema nini?"

"Ni mabugo tu. Mabugo haikataliwi."

"Watu wote walileta mabugo hapa. Nani aliomba sahihi?"

Kalamu ilisimama. Yvette, jirani kutoka Butembo, Kongo, aliyekuja kumliwaza mjane, alitoka chumbani akaomba kuisoma. Wakala alisema hilo ni jambo la familia. Muniru alisita, kisha akampa.

"Muniru, hii iko inafunga mulango. Ukitia sahihi, hamutadai tena kitu."

Yvette alijua. Kaka yake Christophe alikufa vilevile. Familia ilingoja kampuni iwaite, miaka miwili ikapita, na haki ya kushtaki ikapotea. Yvette alieleza kwamba, kwa mkataba wa kimataifa, kampuni hulipa fidia ya kifo cha ajali ndani ya ndege hadi kiwango maalumu, hata kama haikukosea. Kwa kinachozidi hapo, ni juu ya kampuni kuthibitisha kwamba haikuzembea. Tena tiketi ya Hamim ilikuwa ya kwenda na kurudi Entebbe. Kwa hiyo kesi ingeweza kusikilizwa Uganda.

"Na kama ni kudura ya Mungu?" Muniru aliuliza.

"Kifo ni ya Mungu," Mayimuna alijibu. "Ndege iko ya kampuni."

Muniru aliweka kalamu chini. Wakala aliondoka na bahasha yake, na huruma yake pia.

Familia ilimwona wakili mjini Kasese, na kesi ikafunguliwa kabla ya miaka miwili kwisha. Kampuni ililipa fidia. Safari hii haikutuma mtu wa kuomboleza.

Sasa Mayimuna analiendesha duka. Muniru humsaidia, na kila karatasi inayotaka sahihi huisoma kwanza, polepole, mwenye haraka akimngoja amesimama.