Vifungo vya Shati la Kipkurui

Mongina alikutana na Kipkurui katika kituo cha kununua majani chai, Mogogosiek, katikati ya kelele za wakulima waliogombania mizani. Kipkurui alikuwa akitetemeka kwa homa mpaka gunia likamponyoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba.

"Maambukizi haya yamefika kwenye mfupa. Twende hospitali," Mongina alisema.

"Daktari mrembo akisema twende, nani atakataa?"

"Mimi si daktari. Ni nesi wa utafiti."

Kipkurui aliingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya maambukizi ya mfupa. Bakteria waliisha. Lakini watafiti walitaka kujua jambo ambalo maabara haiwezi kusema: je, mgonjwa amerudia maisha yake ya kawaida? Kazi ya Mongina ilikuwa kupiga simu na kuuliza.

"Unachuma majani chai?"

"Nachuma, mpenzi."

"Vifungo vya shati unafunga?"

"Nafunga. Nije nikufungie na vyako?"

"Wacha ujinga!" Alicheka, akaandika kwamba amepona. Kumpenda mgonjwa kulikatazwa, lakini moyo wake ulikuwa umeshaondoka.

Siku ya kwenda kutambulishwa kwa wazazi wa Kipkurui, Mongina alivaa gauni la samawati, akafika mapema sokoni Sigowet, walikopanga kukutana. Nyuma ya kibanda cha viazi alimwona Kipkurui, shati jeupe limepigwa pasi, na mwanamke akimfunga vifungo polepole hadi shingoni. Mongina akageuka, akazima simu.

Baada ya wiki mwanamke yule alimfuata hospitalini.

"Mimi ni Chepkemboi, dada yake. Namvisha tangu mlipomruhusu kwenda nyumbani. Vidole vyake havikunjiki. Majani yake yanachumwa na vibarua."

Mongina alimkuta Kipkurui amesimama kando ya shamba lake la chai.

"Mbona ulisema uko sawa?"

"Angeuliza mwingine, ningesema ukweli. Nani humwambia msichana anayemtaka kwamba hawezi kujivisha?"

"Kipku, wagonjwa wengine watapewa dawa hii kwa sababu ya jibu lako!"

"Basi nenda uwaambie."

"Nitawaambia. Na nitasema tunapendana, hata wakinifuta kazi. Halafu tuoane. Vifungo nitafunga mimi."

Kipkurui aliutazama mkono wake uliokakamaa.

"Hapana. Ukiniuliza niko aje, sitajua kama ni bibi anauliza ama ni nesi. Nitadanganya tena, Mongina. Najijua."

Upepo ulipeperusha kola yake isiyofungwa. Mongina aliifunga, kifungo kimoja, machozi yakimtoka.

"Kongoi," alishukuru Kipkurui, akaondoka katikati ya mistari ya chai.

"Utakuwa sawa?" Mongina aliita.

Kwa mara ya kwanza, Kipkurui hakusema yuko sawa.