Picha Tisa za Afande Oyet

Kila siku Ayaa alipotoka shuleni alivua viatu mlangoni, akala ugali wa posho na maharagwe, kisha akamsomea baba yake. Macho ya baba yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu. Ayaa alimsomea gazeti, ujumbe wa simu, hata maandishi kwenye chupa za dawa. Majirani zao wa mtaa wa Mbuya walimwita baba Afande Oyet, kwa sababu zamani alikuwa muuguzi wa jeshi katika vita vya kaskazini.

Huko vitani aliwapiga picha watu aliowatibu, akaandika habari za kila mmoja kwenye karatasi. Nyuma ya picha wino ulifutika upesi. Kwa hiyo alikunja karatasi ya kila mtu na kuifunga picha yake ndani, kama mtu anavyofunga chapati.

Jumatano moja sanduku la picha liliingiwa na unyevu wa mvua.

"Zianike, lakini moja moja," baba alisema. "Fungua, anika, funga. Ndipo ushike nyingine. Umesikia?"

"Ndiyo, Baba."

Lakini nje Rumaisa, binti wa mwenye duka, alikuwa tayari na kamba ya kuruka. "Ayaa! Unachelewa kama bibi harusi!"

Ayaa alizifungua zote ishirini na tatu kwa mara moja, akazitandaza mkekani, akakimbia kuruka kamba. Upepo ukavuma. Waliporudi, picha zilikuwa zimetawanyika ua mzima, nyingine chini ya beseni, na karatasi ziko mbali nazo.

Picha kumi na nne zilirudi kwenye karatasi zake, kwa sababu bandeji zilionekana: kichwani, mkononi, jichoni, kama karatasi zilivyosema. Tisa hazikuwa na alama yoyote.

"Zifunge tu popote," Rumaisa alinong'ona. "Nani atajua? Baba yako haoni. Macho yake ni wewe."

Ayaa akazifunga kwa kubahatisha.

"Tayari?" baba aliuliza.

"Tayari."

Jumamosi asubuhi alikuja mgeni kutoka Gulu, mwanamke aitwaye Concy.

"Afande, namtafuta kaka yangu Oloya, mtoto wa Tarcisio," alisema. "Nilikuwa na miaka mitatu alipopotea. Nyumba yetu iliungua na picha zote, hata sura yake siijui. Kama alikufa, tumwombee. Kama yu hai, tumtafute."

"Ayaa," baba akaita, "leta karatasi ya Oloya mtoto wa Tarcisio."

Ayaa aliipata. Ilikuwa moja ya zile tisa. Akaisoma: "'Oloya, mtoto wa Tarcisio, miaka kumi na minne. Risasi tumboni. Amefariki kabla ya lori kufika hospitali. Tumemzika karibu na kanisa.'"

Concy alijifunika uso kwa leso. Alipotulia, aliichukua picha iliyokuwa ndani. Mvulana mrefu alikuwa anacheka.

"Pua hii ni ya baba yetu kabisa," alisema. "Nitaikuza, niiweke mbele siku ya maombi." Akaitia mkobani, akafunga zipu.

Ayaa alitazama ule mkoba. Kama huyu anayecheka yuko hai mahali fulani? Concy alikuwa ameshasimama, anaaga.

"Anti, usiende!" Ayaa alisema. "Labda huyo si Oloya. Nilizichanganya picha. Nilibahatisha."

Baba aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Ngapi?" baba aliuliza.

"Tisa, Baba. Tangu Jumatano."

"Siku tatu nimelala nikidhani watu wangu wako mahali pao."

Concy aliketi tena, polepole, akaitoa picha mkobani. "Mtoto wewe! Ningemlilia mtu nisiyemjua."

Ayaa alianza kulia, lakini baba alinyoosha mkono kuelekea sandukuni. "Utalia baadaye. Zilete hapa. Usiniambie unachodhani. Niambie unachokiona."

Ayaa akaeleza picha moja baada ya nyingine. Kwenye ya tano alisema, "Mvulana ameegemea gurudumu la lori. Sweta yake imemfunika tumbo, imechanika begani. Ameshika kikombe cha kijani, hakina mkono."

Baba akamkatiza. "Hicho ni kikombe changu. Aliomba maji, nami sikuweza kumpa, kwa sababu ya lile jeraha la tumbo. Basi akakishika tu. Geuza karatasi ya Oloya, usome nyuma."

Ayaa hakuwa ameigeuza hata mara moja. Nyuma palikuwa na mstari mmoja: "'Kikombe changu cha kijani nimemwachia.'"

Concy aliipokea picha kwa mikono miwili. Safari hii hakusema lolote kuhusu pua. Na yule mvulana aliyecheka? Karatasi yake ilipatikana pia: "'Olweny. Amepona. Nimemkabidhi kwa mama yake.'"

Kufikia saa sita mchana, picha saba zilikuwa zimepata karatasi zake. Mbili zilibaki. Baba alifikiri sana, akatikisa kichwa.

"Hizo tuandike nini, Baba?"

"Andika: hatujui."

Kisha akamwambia, "Ungeniambia Jumatano, ningekasirika, lakini tungekuwa na pengo tu. Penye pengo watu huuliza. Ukilijaza kwa uongo, hakuna atakayeuliza tena, na mtu anapotea mara ya pili. Ukikosea, sema siku ileile."

"Nimeelewa, Baba."

Ayaa alichukua kalamu, akaandika "hatujui" kwenye karatasi mbili mpya. Kisha akamsomea baba yake alichoandika.