Sufuria za Karwirwa na Wenzake

"Sufuria?" Ruguru alisema. "Nimeamshwa Jumapili nikaibe sufuria?"

"Huibi. Mwenyewe ndiye anatutuma," Gachoki alijibu.

Saa 2:10 asubuhi. Chumba cha nyuma cha bucha, Meru mjini. Mafuta ya mbuzi yameganda ukutani. Gachoki ndiye mkubwa wao. Oscar anakata kufuli. Ruguru anaendesha lori. Juu ya kreti ya soda ameketi Ndwiga, mzee wa kanisa kutoka Timau, anayekodisha hema na vyombo vya arusi. Suti kamili. Biblia pajani.

"Ni kodi tu," Ndwiga alisema. "Mali ya biashara ikiibiwa, hasara naitoa kwenye mapato. Kodi inashuka. Nataka mlango uliovunjwa na karatasi ya polisi. Mzigo uzeni Embu, pesa ni zenu."

"Na wewe utakuwa wapi, mzee?" Oscar aliuliza.

"Kanisani. Watu wote wanione."

Oscar alicheka. Ruguru hakucheka. Alishabeba wezi wengi, lakini hao walitoka jasho.

Ndwiga aliacha orodha mezani, mwandiko safi: hema sita, viti mia mbili, sufuria kubwa arobaini. Sahihi yake chini. Ruguru aliikunja akaitia mfukoni. Dereva ndiye hukagua mzigo.

Saa 4:05. Timau. Baridi ya kukata masikio. Kufuli ya stoo ya Ndwiga ilianguka. Hema zilikuwa mbili, zote zimetoboka. Viti havikufika thelathini. Sufuria tu ndizo zilizotimia.

Ruguru alipokea moja, akaigeuza ili ziingiliane. Chini, kwa rangi nyekundu ya kucha: KARWIRWA. Ya pili: MAMA BEVERLYNE. Ya tatu: PURITY.

Alisimama.

Huku mlimani mwanamke hapeleki sufuria matangani bila jina chini yake. Isipoandikwa, itarudi kwa mwingine. Mamake, kule Manyatta, alifanya hivyo hivyo.

"Gachoki. Hizi si za Ndwiga. Ni za chama cha akina mama."

"Waliziweka kwake kwa sababu ana stoo yenye kufuli. Shida iko wapi?"

"Ulijua?"

"Tutakwangua majina. Pakia."

"Na matanga yakitokea kesho watapikia wapi?"

"Ruguru, wewe ni dereva ama ni pasta?"

Ruguru alitema mate chini. Mzee mzima ameandika sufuria za akina mama kuwa hasara yake, na hata hakuzigeuza. Angezigeuzaje? Hajawahi kuosha hata moja.

Saa 4:40. Sufuria ya mwisho ilipanda lorini. Gachoki na Oscar walirudi kuupiga mlango mtaimbo, uonekane umevunjwa vizuri. Ndwiga alikuwa amesisitiza.

Ruguru aliwasha lori akaondoka.

Simu ililia kabla hajamaliza kona.

"Uko wapi?" Gachoki alikuwa anahema.

"Naenda kanisani."

"Umeokoka leo?"

"Bado."

"Utafungwa na sisi, mjinga wewe."

"Najua."

Alikata simu.

Saa 4:52. Alirudisha lori kinyumenyume hadi mlangoni pa kanisa, akapiga honi mpaka wimbo ukakatika. Watu walitoka. Ndwiga alitoka nao, kikapu cha sadaka mkononi. Aliona lori, akasimama.

Ruguru alifungua nyuma. Alimpa pasta ile orodha. Kisha akainua sufuria ya kwanza, akaigeuza, akasoma kwa sauti.

"Karwirwa. Njoo uchukue sufuria yako."