Bangili ya Nyundo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sisimizi alimfunga baba yake bandeji mikononi. Baba alikuwa bondia, na mtaa mzima ulimwita Nyundo. Jina la Sisimizi alilitoa baba mwenyewe, kwa kuwa binti yake alikuwa mdogo wa umbo lakini hachoki. Bandeji ikishakazwa, Nyundo aliugeukia mfuko wa mchanga uliotundikwa uani, akautwanga mpaka mnyororo ukalia.

Siku hizo hakuutwanga kwa muda mrefu. Alisita, akashika kifua, akatweta. Sisimizi akiwapo, daktari wa chama cha ndondi alimpa bangili nyeusi ya kuvaa wiki nzima. Nyuma yake ilikuwa na taa ndogo ya kijani iliyomulika ngozi na kufuatilia damu inavyosukumwa. Hivyo ilijua kama moyo unapiga kwa mpangilio au unarukaruka.

"Usiivue hata ukilala," daktari alisema. "Bila majibu yake hupandi ulingoni."

Nyundo hakuogopa ngumi ya mtu, lakini taa ile aliiogopa. Walipofika nyumbani aliivua, akamvalisha bintiye.

"Baba, si daktari amesema uvae wewe?"

"Damu yangu na yako si moja? Acha nishinde pambano hili kwanza. Na mtu asijue."

Sisimizi alimpenda baba yake, basi akaificha bangili ndani ya mkono wa sweta. Wiki ilipokwisha, daktari alisoma majibu kwenye kompyuta yake, akaona moyo mzima kabisa. Ruhusa ikatoka. Nyundo alicheka, lakini taa ile bado aliiogopa, bangili akamwachia mtoto.

Siku ya pambano ukumbi ulifurika. Sisimizi alikaa kwenye kona ya baba yake, ameshika ndoo ya maji. Kengele ilipolia, Nyundo alimpasua mpinzani wake pua, damu ikamtiririka hadi kidevuni. Mpinzani akajibu kwa kumchana nyusi. "Maliza! Maliza!" watu walipiga kelele, kana kwamba aliyepigwa si binadamu.

Raundi ya tatu mikono ya Nyundo ilishuka yenyewe. Alipigwa mbavu, akapigwa sikio, akapigwa taya, jino likaruka nje ya kamba. Kengele ilimwokoa. Alipoanguka kwenye kiti chake midomo ilikuwa ya kijivu.

"Ngumi tu hizo," kocha alisema.

Sisimizi alijua si ngumi tu. Alimkimbilia daktari aliyekaa kando ya ulingo.

"Daktari, bangili nilivaa mimi! Moyo uliousoma ni wangu!"

"Nyamaza wewe!" Nyundo alinguruma, akapiga teke ndoo.

Daktari alikuwa ameshapanda ulingoni, Sisimizi nyuma yake. Alimvua msichana bangili, akaifunga juu kidogo ya glavu ya Nyundo, akaushika mkono utulie. Kwenye kioo cha bangili namba zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Akagusa shingo kwa vidole kuhakikisha, kisha akamwashiria mwamuzi asimamishe pambano.

Ukumbi ulichafuka. Chupa zilirushwa, viti vikavunjwa. Chupa moja ilimchana Sisimizi paji la uso, lakini hakuuachia mkono wa baba yake. Nyundo aliinua ngumi ampige daktari, na hapo hapo akaanguka kifudifudi. Daktari alimgeuza, akaanza kumkandamiza kifua huku akiita gari la wagonjwa.

Nyundo alizinduka hospitalini. Kando ya kitanda alikaa bintiye, paji la uso limeshonwa nyuzi, na nyuma yake alisimama daktari.

"Kifaa hakina hila," daktari alisema. "Ukimvalisha mwingine, kitasema ukweli wa huyo mwingine, na wewe utabaki na ugonjwa wako. Moyo wako utatibika, ila ndondi basi. Raundi moja zaidi ingekuua."

Nyundo alizitazama zile nyuzi, machozi yakamtoka, asiyafute.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikubebesha uongo wangu."

"Nilidhani utanichukia, baba."

"Nikuchukie?" Akaushika mkono wake. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi umeniumbua wewe kabla hakijafika, ndiyo maana ninaongea."