Nusu Mita ya Kitambaa

Mkasi alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu alikata nguo haraka. Kila asubuhi alifagia kibanda chake na kutia mafuta cherehani. Mke wake alikaa kwenye meza ya mbele, akishona vifungo na kupokea wateja. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alifanya kazi jirani yao, Fundi Saa. Huyo hakupenda umbea, ila alipenda kujua sababu. Kitu kikisimama, hakutulia mpaka ajue kwa nini kimesimama.

Zamani Mkasi alikuwa mdokozi. Mteja akileta kitambaa, yeye alificha kipande. Kwa vipande viwili vitatu alishona blauzi ya mtoto, akaiuza. Siku moja mteja mmoja akalipima gauni lake kwa futi, na mambo yakawa hadharani. Kwa miezi mitatu cherehani ililala. Mkasi aliomba radhi nyumba kwa nyumba, akaapa kuacha. Watu wasingerudi kama si mke wake. Aliwaambia, "Njooni. Mimi namdhamini." Mwanamke huyo hakuwa na mali ya kuweka rehani. Aliweka neno lake.

Miezi minane ikapita salama.

Alhamisi moja mchana Mkasi alikuwa peke yake. Mke wake alikuwa ametoka kununua uzi. Mezani palikuwa na kitambaa cha buluu cha muuguzi wa zahanati, mita nne na nusu, cha kushona gauni. Mkasi alikata. Nusu mita ikabaki, nzuri, haina hata mkunjo. Aliikunja polepole, akaisukuma nyuma ya rafu.

Kisha akaketi. Aliona aibu, akajichukia kweli. Alimwita jirani yake.

Fundi Saa alikuja na kioo cha kukuzia kikiwa bado kwenye jicho. Mkasi alimweleza yote. Akamalizia, "Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Mimi ndiyo basi tena."

Jirani hakucheka wala hakukaripia. Alivuta kigoda, akauliza kama anayechunguza saa iliyosimama.

"Ilianza lini?"

"Sasa hivi, nilipokunja kipande."

"Kabla ya hapo?"

Mkasi alifikiri. "Nilipokata. Niliona kitambaa kitabaki, nikafurahi."

"Na kabla ya hapo?"

"Hakuna kingine."

"Nani alimwambia muuguzi anunue mita nne na nusu?"

Mkasi alikuna kichwa. "Mimi. Jumatatu."

"Gauni lake lilihitaji ngapi?"

"Nne."

Wote wawili wakatazamana. Angalia mambo hayo, msomaji. Kitambaa kilifichwa Alhamisi, lakini wizi ulianza Jumatatu, kitambaa kikiwa bado dukani. Ulianza kwa maneno matatu tu: "nne na nusu." Na siku ile Mkasi alijiona mtu mwema kabisa, anayemshauri mteja.

Fundi Saa alivua kioo chake. Alisema kwamba yeye naye zamani alikuwa akitoa vyuma vizima kwenye saa za watu na kutia vibovu. Aliapa kuacha, akarudia. Akaapa tena. Ndipo alipoanza kujichunguza. Akagundua kwamba kila mara alianza kwa kumwambia mteja, "Iache, rudi kesho," hata kama kazi ni ya dakika kumi.

"Siku hizi kazi ndogo naifanya mwenyewe akiwa ameketi hapo," alisema. "Tamaa ina mlango wake, jirani. Wewe unaanza kupigana nayo ikiwa imeshaingia chumbani na kuvua viatu. Tafuta mlango. Na ukiteleza, sema mapema. Tamaa inanenepa kwa siri."

Mke wa Mkasi alirudi na uzi. Mkasi alimwambia kabla hajaketi. Mwanamke aliumia, na hakuficha.

"Jumatatu nilikuwa hapa," alisema. "Nilikusikia ukitaja nne na nusu. Mbona hukuniambia?"

"Hata mimi sikujua. Nilidhani nazungumzia kitambaa tu."

Mke wake aliuweka uzi mezani. "Mpelekee mwenyewe. Safari hii sikusemei."

Mkasi alikwenda zahanati na kile kipande mkononi. Muuguzi alisikiliza, akakitazama kile kipande. Alimuuliza kama angekipata kipande hicho bila Mkasi kuja kukiri. Mkasi alijibu kwamba asingekipata. Muuguzi akasema gauni likiisha kushonwa atalipima yeye mwenyewe kwa futi. Na kweli alilipima, mbele ya wateja wawili. Halikupungua hata kidogo. Wiki iliyofuata alimleta dada yake.

Tangu hapo mambo kibandani yalibadilika. Mteja hapewi idadi ya mita mpaka mke na mume wapige hesabu pamoja. Mabaki yanafungwa na kukabidhiwa mteja kabla cherehani haijaanza. Mkasi hakati kitambaa akiwa peke yake, wala akiwa na njaa, kwa sababu amegundua kwamba hapo ndipo mkono wake unapokuwa mwepesi. Na tamaa ikija, anaitaja kwa sauti. Fundi Saa humsikia kupitia ukuta, akamjibu kwa kugonga mbao.

Siku moja walipokuwa wakila, mke wake alimuuliza kwa udadisi wa kweli, "Ile hamu imekwisha?"

"Haijaisha. Imekuja leo saa nne, ulipokuwa kisimani. Mama mmoja anayetaka kushonewa mapazia aliponiuliza anunue mita ngapi. Sikuweza kukusubiri, alikuwa na haraka."

Mke wake aliacha kutafuna. "Ukamwambia ngapi?"

"Sita."

"Na mapazia yake yanahitaji ngapi?"

"Sita."

Mke wake alimsogezea sahani, wakaendelea kula.