Soseji za Jibini za Madam Megan

Kila Jumapili baada ya misa, Noela huwasha jiko la mkaa uani kwa shangazi yake Leonsia, huko Kiseke, kisha humenya ndizi za mchana. Jumapili hii hakumenya ndizi. Alikuwa akikwangua jibini, na tangu aanze hakuna aliyemwacha afanye kazi kwa amani.

"Soseji bila nyama," alisema kaka yake Projest, akichungulia bakuli. "Hiyo ni kama chai bila maji."

"Toka hapa, Projest."

"Nauliza tu. Ndani mna nini?"

Noela alivuta pumzi akamweleza kwa mara nyingine. Jibini, chenga za mkate, majani ya vitunguu na yai. Unafinyanga, unaviringisha kwenye chenga, unakaanga. Ndicho chakula cha kwao Madam Megan, mwalimu wa kujitolea kutoka Wales. Zamani huko walikaanga kwa mafuta ya nguruwe, lakini Madam hali nyama wala samaki, kwa hiyo yeye hutumia ya alizeti. Alikuwa anakaribia kurudi kwao, na Noela alitamani angalau mara moja mwalimu huyo ale vizuri nyumbani kwa watu.

Alipomaliza kuziviringisha na kwenda bombani kunawa mikono, shangazi aliona kikaango kikavu juu ya moto, akasaidia. Noela alirudi akakuta mafuta yameshapata moto, akatumbukiza soseji nne. Zikaiva vizuri, rangi ya dhahabu. Kisha harufu ikampanda puani.

"Shangazi, haya mafuta umetoa wapi?"

"Kwenye kopo. Yale tuliyokaangia sato jana. Nimeyachuja, masafi kabisa."

"Madam hali samaki, shangazi. Nilikuambia jana, nikakuambia na asubuhi."

"Samaki yuko wapi humo? Umeona hata mwiba? Tena samaki si nyama. Hata Ijumaa za Kwaresima tunakula."

Noela alifumba macho. Kabla hajajibu, hodi ikasikika getini.

"Wewe nyamaza tu," shangazi alinong'ona. "Hatajua."

Hilo ndilo lililomchosha Noela zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Hatajua.

Madam Megan aliingia uani, akamwamkia shangazi shikamoo, akaona sahani ya soseji. Uso ukamchangamka. Alinyoosha mkono.

"Madam, hizo usile," alisema Noela. "Zimekaangwa kwa mafuta yaliyokaangiwa samaki. Naomba usubiri, nikukaangie nyingine."

Shangazi alimkata jicho. Madam aliurudisha mkono, akakaa kwenye kigoda.

"Asante, Noela," alisema. "Kila ninapoalikwa naambiwa hakuna nyama, halafu nakuta dagaa kwenye mchuzi. Nikiuliza, wanasema ni kidogo tu. Siku hizi nikialikwa nasema naumwa. Nabaki nyumbani, nakula mkate peke yangu."

Shangazi Leonsia alimtazama, kisha akatazama kikaango. Alimwaga mafuta, akakisugua kile kikaango kwa majivu na sabuni mpaka kikang'aa.

"Projest, kimbia dukani ulete chupa mpya ya alizeti. Na usisimame njiani kupiga soga."

Soseji zilizobaki zikakaangwa. Madam alikula moja, akaongeza, akaongeza tena, akaacha kuzungumza kabisa. Zile za mwanzo alizimaliza Projest, akatangaza kwamba zimekuwa tamu kwa sababu ya sato. Noela alitamani kumrushia mwiko.

Mgeni alipoondoka, shangazi alimwita Noela.

"Nilikuwa nambishia Madam, ambaye hata hakuniomba ushauri," alisema. "Mtu akisema kitu fulani hali, basi hali. Si kazi yangu kumwamulia. Ungenyamaza, angekula na kutushukuru, na sisi tungekuwa tumemdanganya mgeni ndani ya nyumba yetu. Ulifanya vyema kusema ukweli, hata mimi nilipokukataza."

Noela aliinamisha kichwa, akitabasamu.

"Ila kunibishia usizoee," shangazi aliongeza. "Haya, kamenye ndizi. Sisi wengine bado hatujala."